Ufa Usiozibwa

Julai, Kiamunyi.
Baridi hushuka kutoka Menengai bila kupiga hodi,
hupenya chini ya mlango
na kuketi bafuni kabla ya mama.

Mimi ndiye niliyeziba.
Tundu za hewa juu ya dirisha nilizishindilia gazeti,
nikapaka simiti kwa kisu cha mkate,
nikajisifu: mwana si huyu?
Tangu utotoni nimeambiwa
usipoziba ufa utajenga ukuta,
nami ukuta ninao, sitaki mwingine.

Fundi Nasambu akaja Jumanne,
penseli nyuma ya sikio.
Boksi lilikuwa mezani: chombo cheupe, chembamba,
kisicho na tangi, kisicho na tumbo,
kinachongoja maji yapite ndipo kiwake.
Hakulifungua.
Alisimama bafuni, akainua uso:
"Nani kazinyonga hizi tundu?"

Nikasema baridi. Nikasema mama, miaka sabini na tisa.
Nikasema lile bafu la stima lilimrusha mwezi wa tano
na tangu hapo hataki kulisikia.
Nikamwonyesha nilipotaka kitundikwe:
hapa, juu ya sabuni, joto lisipotee njiani.

Hakunijibu. Alikuwa ameinama
akitazama duara la majivu pembeni mwa ndoo.

"Hapa panakaa nini?"

Jiko, nikasema. La makaa.
Mama huingia nalo akioga, kwa sasa tu,
mpaka hicho cha gesi kifungwe.

"Na akitoka?"

Akitoka kichwa humgonga.
Nikasema ni uzee. Nikampa panadoli.
Wiki tatu nimempa panadoli.

Nasambu akachukua patasi.
"Moto nao unapumua," akasema,
"ukiunyima hewa, unakula ya mwenzake.
Na sumu yake haina rangi, hainuki,
haimkohozi mtu.
Inakuja na sauti ya usingizi: pumzika kidogo, mama."
Akagonga. Simiti yangu ikaanguka vipande,
gazeti likatoka na bei za mahindi za mwezi uliopita.
Sikumuuliza alijuaje.
Kuna ufa, kumbe, ambao ukiuziba
hujengi ukuta; unachimba.

Chombo akakipeleka nje, ukuta wa nyuma,
mbali na dirisha lolote,
akakijengea kofia ya bati mvua isikiguse.
Mtungi nao nje, wima, ndani ya kibanda chenye matundu.
Mpira nilionunua kwa bei ya kutupa
aliukunja mara moja, ukapasuka ngozi;
akaurudisha mkononi mwangu pamoja na risiti.
Maji baridi kulia, moto kushoto.
Betri mbili nene, kama za redio ya marehemu baba.

Kisha akaomba povu.
Mimi nilikuwa nimeshatoa kiberiti, nikidhani ndicho kipimo.
Alinitazama mpaka nikakirudisha mfukoni.
Sabuni ya kipande, kikombe, brashi ya zamani ya kunyolea:
akapaka kila kiungo.
Kwenye cha pili, povu likatoa jicho moja,
likavimba,
likapasuka.
Akakaza robo mzunguko. Akapaka tena.
Tukangoja, watu wazima wawili
tumekodolea sabuni macho
kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.
Halikuvimba.

Jioni mama aliingia bila jiko.
Nikabaki nje, karibu na kile chombo.
Maji yakafunguliwa: ta-ta-ta-ta,
halafu mguno wa moto, wa buluu, mfupi wa kimo.
Kwanza kimya. Kimya kirefu.
Nikaweka mkono mlangoni.

"Kiptui!
Huyu fundi wako ametuachia mashimo!
Mgongo unaungua, shingo inaganda!
Mwambie kesho arudi azibe!"

Sikujibu.
Alilalamikia upepo, akalalamikia sabuni,
akalalamikia Nakuru yote na maji yake yaliyotutia meno rangi ya chai,
nami nikasimama gizani nikisikiliza,
neno kwa neno,
pumzi kwa pumzi.